Mchango wa Mnyamavu: Kusema, Kuitikia na Kunyamaza katika Jumuiya za Wasemaji wa Kiswahili Ughaibuni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sababu zinazowafanya baadhi ya wasemaji wa Kiswahili waishio nje ya nchi zao waseme katika mikutano na mabaraza ya jumuiya zao, na wengine wanyamaze. Dai letu la msingi ni kwamba kunyamaza si kinyume cha kushiriki. Kwa kuzingatia minyambuliko ya kitenzi nyamaza, uwili wa maana ya neno mchango na mila ya kuitikia katika fasihi simulizi, tunaonyesha kwamba baina ya kusema na kunyamaza ipo nafasi ya tatu, nayo ni kuitikia. Mtafiti asiyeitambua nafasi hiyo huweza kutangaza kwamba lugha imekufa mahali ambapo bado inasikika na kueleweka kila siku.

1.0 Utangulizi

Wasemaji wa Kiswahili walio mbali na Afrika ya Mashariki na ya Kati hawakuondoka kwa njia moja wala kwa sababu moja. Wapo waliokwenda Uingereza na Marekani kusoma, wakabaki huko kufanya kazi. Wapo waliohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 na kutawanyika Uarabuni na Ulaya. Wapo pia waliokimbia vita mashariki ya Kongo: katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili.

Pamoja na tofauti hizo, jumuiya zao zinafanana katika jambo moja. Panapoundwa chama cha kusaidiana wakati wa msiba, au kikundi cha upatu, au darasa la kuwafundisha watoto Kiswahili, sauti zinazosikika mkutanoni huwa ni zile zile chache. Wengine huja, huketi, husikiliza, hula chakula kilichoandaliwa na kurudi makwao bila ya kusema neno. Viongozi huwalaumu kwa kukosa moyo wa umoja, na wao wenyewe, wakiulizwa, hujibu kwa mkato kwamba hawana la kusema.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, jumuiya hizi huamua mambo mazito: nani asafirishiwe maiti yake hadi nyumbani, kiasi gani kichangwe, watoto wafundishwe lugha ipi na kwa lahaja ipi. Maamuzi yakifanywa na wasemao tu, wanyamavu hulipa gharama za mambo wasiyoyaafiki. Pili, sisi watafiti wa isimujamii tuna mazoea ya kuhesabu wanaosema. Kinasasauti hakinasi kimya. Kijana aliyezaliwa ughaibuni asipotamka Kiswahili mbele yetu, humwandika kuwa ameipoteza lugha, na kutokana na hukumu kama hizo tunakisia mustakabali wa Kiswahili nje ya Afrika.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba mifano ya mazungumzo iliyomo humu imetungwa na mwandishi kwa ajili ya kufafanua hoja. Si data iliyonukuliwa kutoka kwa watu maalumu.

2.0 Istilahi na maana zake

2.1 Ughaibuni

Kiswahili kina majina kadhaa ya mahali walipo watu hawa. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Majuu na mamtoni ni maneno ya vijana wa mitaani. Ughaibuni ni neno la waandishi na la mikutano rasmi. Neno hili la mwisho limejengwa juu ya ghaibu, lenye asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni hali ya kutokuwapo au kutoonekana. Kwa hiyo aliye ughaibuni ameitwa hayupo hata kabla hajafumba kinywa. Ndiyo maana ndugu wa nyumbani humlaumu kwa maneno kama umepotea, umeadimika, na mbona kimya? Katika salamu hizi, kimya na kutokuwapo vinahesabiwa kuwa kitu kimoja. Jibu linalotolewa mara nyingi ni neno moja tu: nipo. Tutalirudia jibu hili baadaye, kwa kuwa ndani yake mna ufunguo wa mjadala wetu.

2.2 Kunyamaza na minyambuliko yake

Lugha yetu haitazami kimya kuwa ni ombwe. Tuzingatie sentensi zifuatazo:

(1) (a) Juma alinyamaza.
(b) Juma aliyanyamazia maneno yale.
(c) Juma alijinyamazia.
(d) Juma alinyamazishwa.

Katika (1a) tunaelezwa tendo tu, pasipo sababu. Katika (1b), kauli ya kutendea inakipa kimya shabaha: kuna jambo lililosikika, likaeleweka, na Juma akaamua kuliacha lipite. Huko ni kujibu bila ya sauti. Katika (1c), kiambishi rejeshi -ji- kikiambatana na kauli ile ile ya kutendea kinadokeza kwamba mtu amenyamaza kwa faida ya nafsi yake, akitafuta amani au usalama. Katika (1d), kauli ya kutendesha na ya kutendwa zinatufahamisha kwamba kuna mtu mwingine aliyemfunga mdomo. Tena ipo nomino mnyamavu ambayo, kama mvumilivu na mpotevu, hutaja tabia iliyokwisha kumkaa mtu, wala si tendo la siku moja.

Hivyo, tunaposema kwamba mjumbe fulani hakusema kitu mkutanoni, bado hatujasema alifanya nini kati ya mambo manne. Je, alinyamaza, alinyamazia, alijinyamazia, au alinyamazishwa? Kiongozi anayewalaumu wote kwa pamoja, na mtafiti anayewaandika wote katika safu moja, wamefuta tofauti ambazo sarufi ya Kiswahili imezihifadhi.

2.3 Mchango

Neno la tatu ni mchango, kutokana na kitenzi changa. Maana yake iliyozoeleka ni kitu, hususani fedha, kinachotolewa na kila mtu ili kutimiza jambo la wote. Kutokana na maana hiyo imezuka nyingine ya pili, ambayo imeenea katika lugha ya mikutano: mchango wa mawazo. Wabunge wa Tanzania huchangia hoja. Wanasemina huchangia mada. Kwa msemaji wa Kiswahili, kutoa fedha na kutoa maoni ni matendo yanayotajwa kwa kitenzi kimoja. Tutaonyesha katika sehemu ya 4.2 kwamba uwili huu wa maana huathiri mwenendo wa watu.

3.0 Mkabala wa kinadharia

Hymes, katika maandishi yake ya miaka ya 1960 na 1970 kuhusu ethnografia ya mawasiliano, alisisitiza kwamba umilisi wa lugha ni zaidi ya kujua kanuni za sarufi. Ni pamoja na kujua wakati wa kusema na wakati wa kutosema. Goffman (1981) aliigawa dhana ya msikilizaji, akatenganisha wanaotambuliwa kuwa washiriki halali wa mazungumzo na wale wanaosikia tu kwa sababu wako karibu. Bell (1984) naye alionyesha kwamba msemaji huunda usemi wake kwa kuwapima wasikilizaji wake: yule anayesemezwa, yule anayejulikana kuwa anasikiliza, na yule anayeweza kuwa anasikia kwa mbali.

Mchango ulio karibu zaidi na mada yetu ni wa Basso (1970), aliyechunguza kimya miongoni mwa Waapache wa Magharibi huko Arizona. Basso aliona kwamba watu hao hunyamaza katika hali zinazoonekana kutofanana: wageni wanapokutana mara ya kwanza, wachumba wanapoanza uchumba wao, mtu anapokuwa na huzuni kubwa, na hata wazazi wanapompokea mtoto aliyerudi kutoka shule ya mbali. Kinachoziunganisha hali hizi ni kwamba uhusiano baina ya wanaokutana haujulikani au umetetereka. Mzazi hunyamaza na kumwacha mtoto aseme kwanza, ili apate kutambua kama huyu aliyerudi bado ni yule aliyeondoka.

Nadharia hii isichukuliwe kwamba inahusu utamaduni mmoja tu wa Marekani. Inatupa swali la kuuliza popote: je, watu hawa wanajuana vya kutosha hata waweze kusemezana bila hatari?

4.0 Kwa nini watu hunyamaza

4.1 Hadhira isiyojulikana

Kijijini au mtaani, msemaji humjua anayemsikiliza: ni mtoto wa nani, ameoa wapi, ana ugomvi na nani. Katika mkutano wa ughaibuni huketi pamoja mtu wa Pemba, wa Kigoma, wa Kisumu na wa Bukavu, na pengine hawakupata kuonana kabla ya siku hiyo. Wanaunganishwa na lugha, lakini hawana historia ya pamoja inayoweza kumdhamini mmoja mbele ya mwingine.

Zaidi ya hayo, maisha ya ugenini yana mambo ambayo kuyasema ni hatari. Watanzania wa huko wameyatungia msamiati wao. Makaratasi ni hati za ukaazi; kujilipua ni kuomba hifadhi ya ukimbizi, mara nyingine kwa maelezo yasiyolingana na ukweli; kubeba boksi ni kufanya kazi za mikono ambazo huko nyumbani pengine hazikutarajiwa kwa mtu wa elimu yake. Kuwapo kwa msamiati wa mafumbo ni ushahidi wa kutosha kwamba kuna mambo yasiyotajwa waziwazi. Mtu asiye na makaratasi hawezi kujua ni nani kati ya wasikilizaji atakayeyafikisha maneno yake mahali pasipotakiwa. Hata swali la kawaida kabisa, unafanya kazi wapi?, kwake huwa ni mtego. Anajinyamazia kwa maana ya (1c).

Sheria za uraia huongeza tofauti za kimya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya kuwa na uraia wa nchi nyingine bila ya kupoteza wa kwake. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kufanya hivyo. Basi Mkenya na Mtanzania walioketi kiti kwa kiti, walioishi ugenini miaka ile ile na kufanya kazi ile ile, hawana uhuru ule ule wa kuieleza hali yao. Ikiwa mgeni rasmi wa siku hiyo ametoka ubalozini, mmoja anaweza kuuliza swali kuhusu ardhi au urithi kwa sauti kuu. Mwingine ana sababu ya kulinyamazia swali hilo hilo, ijapokuwa linamkera zaidi.

4.2 Deni la mchango

Vyama vingi vya ughaibuni huzaliwa na msiba. Mtu akifariki dunia, gharama za kuusafirisha mwili hadi Afrika ni kubwa kuliko uwezo wa familia moja. Kwa hiyo watu huchanga. Wakenya hutumia uzoefu wao wa harambee na chama, Watanzania wa upatu, Wakongo wa likelemba. Daftari la michango ndilo huwa kumbukumbu ya kwanza ya chama. Jina la aliyetoa huandikwa, na nafasi ya asiyetoa hubaki tupu.

Hapa ndipo uwili wa maana tuliouona katika 2.3 unapofanya kazi. Tuchukue mfano ufuatao:

(2) Mwenyekiti: Ndugu zangu, mwenye mchango wa mawazo asimame.
Mjumbe (akimnong'oneza jirani yake): Nisimame vipi, na mwezi uliopita sikutoa kitu?

Mwenyekiti ameomba maoni. Mjumbe amesikia hesabu ya fedha. Hakukosea kusikia. Katika mantiki ya jumuiya yake, haki ya kuchangia hoja hununuliwa kwa kuchangia mfuko. Mwenye deni huona kwamba hana uso wa kusimama mbele ya watu. Kinyume chake pia ni kweli: aliyetoa fedha nyingi hutarajiwa kusema hata kama hana wazo, na maneno yake husikilizwa kwa uzito wa mfuko wake. Kwa hiyo kimya cha wenye kipato kidogo, ambacho viongozi hukiita uvivu au utovu wa uzalendo, huwa mara nyingi ni adabu ya mdaiwa.

4.3 Hofu ya kuchekwa

Mkutano wa lugha uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Faida za uamuzi huo zinajulikana. Matokeo yake mengine ni ngazi ya heshima ambayo wasemaji huibeba hadi ughaibuni. Juu huketi Mzanzibari na Mtanzania aliyesomea Kiswahili. Chini yao huwekwa msemaji wa bara ya Kenya na msemaji wa Lubumbashi au Goma.

Ngazi hii hujidhihirisha kwa kicheko. Mkongo anaposema batu badala ya watu, au mtu wa bara ya Kenya anaposema kitabu yangu, panaweza kutokea tabasamu ambalo halikukusudia ubaya, au swali la mzaha, hicho ni Kiswahili gani? Hakuna aliyeambiwa nyamaza, lakini mtu amenyamazishwa kwa maana ya (1d). Jambo la kusikitisha ni kwamba huyu aliyechekwa huenda ndiye anayetumia Kiswahili zaidi nyumbani mwake. Anayemcheka huenda anawasemeza wanawe Kiingereza. Basi kwa kuhesabu sauti za mkutanoni tutampa alama ya juu anayeiacha lugha, na alama ya chini anayeidumisha.

4.4 Lugha yenyewe inaponyamazishwa: mfano wa Omani

Hadi hapa tumezungumzia kimya ndani ya mkusanyiko unaotumia Kiswahili. Kuna kimya cha aina nyingine, ambapo mtu anasema sana, lakini Kiswahili chake kinanyamaza mbele ya watu. Omani inatupa mfano ulio bayana, ingawa watu wake hawa ni raia waliorudi katika nchi ya asili yao na si wageni.

Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Julai 23, 1970, Waomani wengi waliozaliwa au kukulia Afrika ya Mashariki walirudi. Walikuwa na elimu iliyohitajika sana wakati huo, na walikuwa na Kiswahili. Lakini lugha rasmi ya dola ni Kiarabu, na jina Zinjibari walilopewa liliwakusanya pamoja wote waliotoka Afrika, hata wale waliotoka bara na hawakupata kuishi Zanzibar. Valeri (2007) ameeleza jinsi wasemaji hawa walivyokuwa wakitafuta utambulisho wao katika ujenzi wa taifa, na Kharusi (2012) amelichunguza jina hilo pamoja na athari zake katika uteuzi wa lugha.

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kutamka Kiswahili ofisini au sokoni si kuwasiliana tu. Ni kujitangaza kuwa ametoka kwingine. Ndiyo maana lugha ile ile inaweza kuwa na sauti kuu jikoni, sebuleni na katika maongezi ya simu, kisha ikawa bubu mara mlango wa nyumba unapofunguliwa. Bell angesema kwamba msikilizaji asiyesemezwa ndiye aliyechagua lugha. Mfano huu unaikazia hoja ya 4.1: kinachoamua kusema na kunyamaza ni hadhira kabla ya kuwa ujuzi.

5.0 Kwa nini watu husema

Ikiwa vizuizi ni vingi kiasi hicho, yafaa tuulize kwa nini wengine husema. Tunaona hali tatu.

Ya kwanza ni pale lugha inapotoa maneno yaliyokwisha kuandaliwa. Katika msiba, hata mnyamavu husema poleni, au poleni kwa msiba. Katika harusi husema hongereni. Semi hizi hazimhitaji mtu kufichua lolote kuhusu nafsi yake, wala hazimpi nafasi ya kukosea sarufi. Malinowski (1923) aliwahi kueleza kwamba maneno ya aina hii hufunga uhusiano zaidi kuliko yanavyobeba habari. Kwa watu wasiojuana, hilo ndilo linalohitajika kwanza.

Ya pili ni haja. Aliyepotelewa na hati, anayetafuta chumba, au ambaye mwanawe anaumwa hana budi kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Aliyesaidiwa baada ya kuuliza hubaki na deni la aina nyingine, deni jema, ambalo humfanya amjibu mwingine kesho. Wengi wa wasemaji wakubwa wa jumuiya walianza kwa swali la dhiki.

Ya tatu ni kupewa kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, lakini inaweza kusomwa pia kuwa ni utaratibu wa kumwingiza mgeni katika jamii. Kimya cha siku mbili ni haki yake. Siku ya tatu hukoma kwa sababu amekabidhiwa jembe, wala si kwa sababu amelazimishwa kutoa maoni. Mtu aliyepewa daftari la michango, au zamu ya kuwapokea wageni uwanja wa ndege, au jiko siku ya maulidi, hupata la kusema kwa kuwa sasa anasema kwa niaba ya kazi yake. Lave na Wenger (1991), ambao miongoni mwa waliowajadili ni mafundi cherehani wa Liberia, walionyesha kwamba mwanagenzi huanzia pembezoni mwa kazi, kwa kutazama na kushika vitu vidogo, na kwamba kule kuwa pembezoni ni ushiriki halali.

6.0 Kuitikia: nafasi ya kati

Tunafika sasa kwenye kiini cha makala haya. Katika fasihi simulizi ya Waswahili, msikilizaji hana ruhusa ya kuwa kimya kabisa, wala hana ruhusa ya kulinyakua neno la msimulizi. Msimulizi akisema paukwa, hadhira hujibu pakawa. Mtegaji akisema kitendawili, hadhira hujibu tega. Imamu au kasisi akiomba dua, waumini huitikia amina. Mwitikiaji hatungi neno jipya. Lakini pasipo yeye hadithi haianzi, kitendawili hakitegwi na dua haifungwi. Tuna msemaji, tuna mwitikiaji, na tuna aliye nje ya mduara.

Tukiitumia ramani hii ya watu watatu badala ya ile ya wawili, mkutano wa ughaibuni unabadilika sura. Yule anayeguna kwa kukubali, anayecheka mahali panapostahili kicheko, anayetikisa kichwa mwenyekiti anapotaja kiwango cha mchango, anayefika kila mara na kuondoka wa mwisho baada ya kukunja viti, huyo anaitikia. Jibu nipo tulilolitaja katika 2.1 ni itikio la namna hiyo: halina habari yoyote ndani yake isipokuwa ile iliyo kubwa kuliko zote, yaani kwamba uhusiano haujakatika. Lugha yetu imempa mtu huyu jina la sifa: ni msikivu. Katika Kiswahili msikivu si mtu aliyeshindwa kusema. Ni mtu aliyelelewa vyema.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa kizazi cha pili. Dorian, katika utafiti wake wa Kigaeli cha Sutherland Mashariki huko Uskoti (1981, 1982), alikutana na watu ambao usemi wao ulikuwa na kasoro nyingi, na hata wengine waliosema kidogo sana, lakini walioelewa kila kitu, walijua wakati wa kucheka, wakati wa kudakia na wakati wa kuacha. Alitoa rai kwamba jumuiya ya lugha lazima ifasiliwe kwa namna itakayowajumuisha hata walio pembezoni mwake.

Watoto wa Waswahili wa ughaibuni wako katika hali hiyo hiyo. Tuangalie mfano huu:

(3) Bibi (kwa simu, kutoka Tanga): Mjukuu wangu, hujambo?
Mjukuu: Sijambo. Shikamoo, bibi.
Bibi: Marahaba. Umeshakula? Mwambie mama yako mzigo umefika, na ile kanga ya kijani nimempa shangazi yako.
Mjukuu: Ndiyo, bibi.

Kisha mtoto humgeukia mama yake na kumweleza habari yote, kwa ukamilifu, kwa Kiingereza. Mtafiti atakayeorodhesha maneno aliyoyatamka atapata sijambo, shikamoo, bibi na ndiyo, na kuandika kwamba umilisi haupo. Lakini mtoto huyo amefahamu njeo, ngeli, kauli ya kutendea na uhusiano wa kiukoo. Amejua kumwamkia mkubwa wake. Kilichokosekana ni nafasi ya kuwa msemaji, kwa kuwa kila mara amewekwa katika zamu ya mwitikiaji, na pengine siku alipojaribu kuivuka zamu hiyo alichekwa.

7.0 Matokeo kwa utafiti na kwa jumuiya

Kwa watafiti, yanayofuata ni mambo ya mbinu. Labov (1972) alitukumbusha kwamba tunataka kujua watu husemaje wakati hawatazamwi, ilhali hatuwezi kujua hilo bila ya kuwatazama. Ughaibuni tatizo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa mtafiti mwenye daftari hufanana sana na ofisa mwenye jalada. Kimya anachokutana nacho huenda yeye mwenyewe ndiye aliyekileta. Inafaa, kwa hiyo, kupima ufahamu na uitikiaji kabla ya usemaji. Kurekodi katika shughuli, kama vile mapishi na maandalizi ya harusi, badala ya usaili. Na kueleza katika ripoti ni aina gani ya kimya kati ya zile nne iliyoonekana.

Kwa jumuiya, hoja zetu zinaelekeza kwenye hatua ndogo zisizo na gharama. Daftari la fedha litenganishwe na mjadala, pengine kwa kuvifanya vikao viwili, ili mchango mmoja usiwe kiingilio cha mwingine. Mgeni apewe kazi kabla ya kuombwa maoni. Darasa la watoto lianze kwa hadithi na vitendawili, ambamo kuitikia ni sehemu ya sanaa na hakuna mtoto anayeachwa nje, kabla ya kuwataka watunge sentensi mbele ya wazazi wao. Lahaja ya kila mzazi ikubaliwe kuwa ni Kiswahili.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kusema kwamba kimya ni ushiriki kusitumiwe kuwa kisingizio cha kuwaacha walionyamazishwa waendelee kunyamaza. Mke ambaye makaratasi yake yanategemea ndoa, na ambaye mumewe husema kwa niaba yake katika kila mkutano, haitikii, amezibwa mdomo. Ndiyo sababu tulianza na sarufi. Kauli ya kutendeshwa haina budi kutofautishwa na kauli nyingine, na kiongozi au mtafiti asiyejali tofauti hiyo atausifu unyamavu ambao mwenyewe hakuuchagua.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kusema na kunyamaza katika jumuiya za wasemaji wa Kiswahili ughaibuni hakutokani na wingi au uhaba wa mapenzi kwa lugha na kwa nyumbani. Hutokana na hadhira isiyojulikana, na deni, na ngazi ya lahaja, na hatari ya kujitambulisha. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili chenyewe kina zana za kulichambua jambo hili: minyambuliko inayotenga aina za kimya, neno mchango linalofichua uhusiano wa fedha na sauti, na mila ya kuitikia inayompa msikilizaji nafasi ya heshima.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Tunahitaji maelezo ya kina ya mji mmoja mmoja, yaliyofanywa na watafiti watakaokaa muda wa kutosha hata waitwe kukunja viti. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kuanzia hapo, kwa kumwandika katika orodha yao ya washiriki, pamoja na wasemaji, kila mtu ambaye akiulizwa mbona kimya hujibu nipo.